Ng'ombe Halishwi Peke Yake

Leo nakualika zizini, na ukiniruhusu tutaingia ndani zaidi, mpaka tumboni mwa ng'ombe.

Nina sababu ya kukualika. Siku hizi kila nikipita mnadani nakuta meza ya mtu anayeuza unga wa mimea kwa ajili ya mifugo. Mmoja wa kijani, mwingine wa kahawia, huu unanukia karafuu, ule unanuka kitunguu saumu. Muuzaji anasema: kijiko kimoja tu kwenye pumba, maziwa yataongezeka, tumbo halitajaa gesi, ng'ombe atashiba kwa chakula kidogo. Mfugaji anauliza bei, anahesabu noti, anaondoka na pakiti yake. Swali ambalo sijalisikia likiulizwa pale mezani ni hili: unga huu ukifika tumboni unakwenda kukutana na nani?

Nauliza "nani" kwa makusudi, kwa sababu ng'ombe halishwi peke yake.

Nililelewa Lushoto na shangazi yangu. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa tuliyemwita Malaika, aliyekaa bandani mwaka mzima akiletewa majani, maana milima yetu imelimwa karibu yote na pa kuchungia hapapo. Kila alfajiri, kabla ya kushika ndoo, shangazi aliweka kiganja kwenye ule uwazi wa ubavu wa kushoto, kati ya mbavu za mwisho na nyonga, akanyamaza. Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, unafanya nini?" Akanijibu, "Nasikiliza kama wameamka."

Alisema "wameamka", kwa wingi. Sijui nani alimfundisha. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kusomea mifugo, ndipo nilipofahamu kwamba wingi ule ulikuwa sahihi kabisa.

Jaribu mwenyewe kesho. Weka mkono hapo na utulie. Ng'ombe akiwa na afya, utahisi tumbo likijikunja na kusukuma kiganja chako mara moja au mbili kwa dakika. Hilo ndilo tumbo la kwanza, kubwa kuliko mengine matatu. Ukilikuta buchani limeoshwa, ni lile lenye vinyweleo kama taulo. Kwa ng'ombe mkubwa linabeba zaidi ya lita 100. Lifikirie kama pipa la majani, maji na mate, lenye joto la nyuzi 39 hivi, giza totoro, na oksijeni karibu hakuna. Humo ndimo wanamoishi wenyeji wa shangazi: bakteria, protozoa na kuvu. Tone moja tu la maji ya tumbo hilo lina bakteria mamia ya mamilioni.

Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za bua la hindi. Wewe huna, mimi sina, naye hana. Kazi hiyo wanaifanya wenyeji. Wanayachachusha majani, kama togwa inavyochacha mtungini, na katika kuchacha huko hutoka asidi ambazo ukuta wa tumbo unazifyonza. Asidi hizo ndizo sehemu kubwa ya nguvu anayoishi nayo ng'ombe. Kisha wenyeji hao hao, wakishazaliana, husombwa pamoja na chakula mpaka tumbo la nne, lenye ukali kama tumbo letu, na huko wanameng'enywa wao wenyewe na kugeuka protini ya maziwa na nyama. Anawafuga, wanamlisha, mwisho anawala. Mmarekani Robert Hungate alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachunguza viumbe hawa, na kitabu chake kikubwa juu yao kilitoka mwaka 1966. Wataalamu wa fani hii mpaka leo wanasimama juu ya mabega yake.

Naye ng'ombe hakai bure. Unapomwona amelala chini anacheua, macho yamelegea, yuko kazini. Kila tonge analolirudisha mdomoni analitafuna mara 50 hivi, na kwa siku moja anameza mate ambayo yanaweza kupita lita 100. Mate hayo yana chumvi jamii ya magadi, nayo inatuliza ukali wa ule mchachuko. Ng'ombe aliyeacha kucheua ni sawa na mji uliokatiwa maji. Kabla hujafikiria pakiti yoyote, tazama hilo kwanza: anacheua?

Sasa tuje kwenye mimea.

Mmea hauna miguu. Mbuzi akija, hauwezi kukimbia. Basi Mwenyezi Mungu akaujalia silaha za aina nyingine: uchungu, harufu kali na ukakasi. Tafuna ganda la ndizi mbichi, au jani la mpera. Ulimi unakauka, mashavu yanavutana. Ukakasi huo ni kazi ya vitu viitwavyo tanini, vinavyozishika protini za mate yako na kuzikaza. Mimea mingine ina saponini, zile zinazotoa povu kama sabuni. Mingine ina mafuta yenye harufu kali, kama karafuu, mdalasini na kitunguu saumu. Silaha hizi zote zikiingia kwenye lile pipa, zinawagusa wenyeji kabla ya kumgusa ng'ombe. Na hapo ndipo kipimo kinapoamua kama ni dawa au ni sumu.

Chukua tanini. Protini ya majani mazuri ikiingia tumbo la kwanza, wenyeji huivamia na kuivunja upesi kuliko wanavyoweza kuitumia. Inayobaki inageuka amonia, inapita kwenye damu, ini linaigeuza, na mwisho inatoka na mkojo. Ile harufu inayochoma pua bandani asubuhi ni protini uliyoihangaikia. Lakini tanini ikiwepo kwa kiasi, inaikumbatia sehemu ya protini ile, inaipitisha salama kwa wenyeji, na ikifika kwenye ukali wa tumbo la nne inaiachia, ng'ombe akanufaika nayo. Tanini ikizidi, inang'ang'ania kila kitu. Ng'ombe anapunguza kula, na kile alichokula kinatoka kwenye kinyesi bila faida.

Hili wenzetu wa Embu, chini ya Mlima Kenya, wamelifanyia kazi kwa vitendo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo, wa misitu na wa kilimo-mseto walishirikiana na wafugaji wa huko kujaribu mti uitwao kaliandra, wenye asili ya Amerika ya Kati. Una maua mekundu kama brashi na majani yenye protini nyingi, na tanini pia imo. Waliupanda kwenye mipaka ya mashamba, kwenye kingo za matuta, na kandokando ya njia za kuingilia nyumbani, mahali ambapo mahindi hayapotezi nafasi. Walichokikuta ni hiki: kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zilifanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Miti 500 hivi iliyopandwa kama ua inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku ya mwaka. Sasa piga hesabu ya mfuko wa chakula cha dukani unapoishi wewe, halafu utazame ua wako.

Hata hivyo Embu hawakuufanya mti huo kuwa chakula chote. Ushauri uliokubalika ni kwamba usizidi theluthi moja hivi ya chakula cha siku. Kinachobaki kiwe nyasi, mabingobingo na mabua, kwa sababu wenyeji wa tumboni wanahitaji nyuzinyuzi, na ng'ombe anahitaji kitu cha kucheua.

Nisimulie sasa jambo ambalo sikulisahau. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shangazi alikuwa amepata mbegu ya alfalfa, ikaota vizuri sana karibu na mfereji, laini, kijani kibichi. Asubuhi moja alikwenda kliniki, akaniachia Malaika. Mimi kwa mapenzi yangu nikakata alfalfa ile na umande wake, nikamwagia horini mzigo mzima, naye hakuwa amekula nyasi kavu tangu usiku. Alikula kwa pupa. Haikupita muda mrefu, ule uwazi wa ubavu wa kushoto, ambapo shangazi huweka kiganja, ulijaa, ukapanda juu ya mgongo, ukawa ukigongwa unalia kama ngoma. Malaika alipanua mdomo, ulimi nje, anahema kwa shida. Jirani yetu, mzee aliyekuwa na uzoefu, alikuja mbio na chupa ya mafuta ya kupikia, akainua kichwa cha ng'ombe kidogo tu, akamnywesha polepole kwa pembeni mwa mdomo ili yasiingie mapafuni. Kisha tukamtembeza kuelekea mlimani, miguu ya mbele ikiwa juu. Akacheua upepo kwa kishindo. Alipona. Shangazi aliporudi hakunipiga. Aliweka mkono wake ubavuni, akalia.

Nilichojifunza chuoni ni hiki. Ile haikuwa gesi ya kawaida, ambayo ng'ombe huitoa kila dakika. Protini laini za majani yale machanga zilifanya povu zito, gesi ikanaswa ndani ya viputo kama povu la sabuni, haikuweza kutoka. Mafuta ndiyo yaliyovunja povu. Tena kuna mimea mingine ya jamii ya kunde ambayo haifanyi hivyo, hata ukiilisha mibichi. Desmodi ni mmojawapo, ule unaotambaa chini, ambao wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaupanda katikati ya mahindi kwa kilimo cha vuta-sukuma ili kuzuia kiduha na bungua wa mabua. Desmodi ina tanini, na tanini inazikamata zile protini kabla hazijafanya povu. Ukakasi unaomfanya ng'ombe asite kidogo kuula ndio unaomlinda. Laiti shangazi angepata mbegu ya desmodi mwaka ule.

Na kama bado huamini kwamba unalisha wenyeji, sikiliza kisa cha lusina. Mti huu unaufahamu, hasa ukiwa mtu wa Tanga au Morogoro. Una majani madogo madogo na maganda bapa yanayoning'inia kwa mashada. Majani yake ni matamu kwa mbuzi na ng'ombe, na yamejaa protini. Lakini mna sumu iitwayo mimosini. Huko Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walinyonyoka manyoya, walitokwa mate, tezi za shingoni zikavimba, wakakonda mbele ya majani mengi. Mtafiti mmoja, Raymond Jones, akashangazwa na jambo moja: visiwani Hawaii mbuzi walikuwa wanakula lusina hiyo hiyo bila kudhurika. Mti ni ule ule, jua ni lile lile. Tofauti iko wapi?

Jones alishuku kwamba tofauti imo tumboni. Katika miaka ya 1980 maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yalichukuliwa na kupelekwa Australia, yakaingizwa katika matumbo ya mifugo ya kule. Mifugo ile ikaanza kula lusina na kunenepa. Ndani ya maji yale mlikuwa na bakteria wenye uwezo wa kuivunja sumu. Mwaka 1992 wanasayansi waliwapa jina rasmi, Synergistes jonesii, na sehemu ya pili ya jina hilo ni heshima kwa Jones. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yule alikuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na waliopona ni makundi ya ng'ombe.

Ndiyo maana mimi nikimshauri mfugaji juu ya lusina, au mti wowote mpya, namwambia aanze na konzi mbili, aongeze taratibu kwa wiki mbili au tatu, na asivuke theluthi ya chakula cha siku. Wale wenyeji wanaoweza kuimudu sumu wanahitaji muda wa kuzaliana. Na punda au sungura usimpe, maana hao hawana tumbo la aina hii.

Sasa turudi kwenye meza ya mnadani na ule unga wa karafuu. Sitaki umdhanie kila muuzaji kuwa tapeli. Jambo hili lina msingi. Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa duniani walichanganya antibiotiki kwenye chakula cha mifugo mizima ili ikue upesi. Bakteria wakazoea, na dawa zikaanza kushindwa hospitalini. Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa tarehe 1 Januari 2006. Hapo viwanda vikageukia mimea. Karafuu ina mafuta yaitwayo yujeno. Ndiyo yale yanayokamuliwa pia kwenye makonyo huko Wawi, Pemba, na ndiyo yanayotuliza jino linalouma. Kwa kipimo kidogo yanawazuia baadhi ya bakteria wa tumboni. Kuna bidhaa moja maarufu Ulaya yenye mafuta ya giligilani na yujeno, inayotolewa gramu 1 tu kwa ng'ombe kwa siku. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba baada ya wiki nne za kuzoea, maziwa yaliongezeka kwa chini kidogo ya asilimia 4, na gesi ya methani ikapungua kwa karibu asilimia 9.

Hesabu hiyo tuilete nyumbani. Ng'ombe wa Ulaya anayetoa lita 30, asilimia 4 kwake ni zaidi ya lita nzima. Wa kwako anayetoa lita 8, ni kikombe kimoja cha chai. Kikombe si kitu cha kudharau, lakini kiweke kwenye mizani pamoja na bei ya pakiti. Isitoshe, bidhaa ile imepimwa gramu kwa gramu kiwandani. Unga uliotwangwa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni hakuna anayejua una kiasi gani cha yujeno. Ukizidi, unawapiga hata wale wanaovunja nyuzinyuzi. Kitunguu saumu nacho kikizidi, harufu yake inahamia kwenye maziwa, na mteja hataki chai yenye harufu ya mchuzi. Tena mengi yanayong'ara kwenye chupa ya maabara yanafifia ndani ya ng'ombe, kwa kuwa wenyeji wana tabia ya kuzoea.

Kuhusu methani, ni haki niseme neno, maana dunia inaizungumza. Katika kuchachusha, wenyeji hutoa haidrojeni, na kundi jingine la vijidudu huichanganya na hewa ya ukaa kufanya methani, ambayo ng'ombe huitoa zaidi kwa mdomo. Gesi hiyo inaongeza joto la dunia, na kwa mfugaji ni chakula kilichopotea, kuanzia asilimia 2 mpaka 12 ya nguvu iliyomo kwenye alichokula. Chuo Kikuu cha California, Davis, watafiti wakiongozwa na Ermias Kebreab walichapisha mwaka 2021 matokeo ya mwani mwekundu uitwao Asparagopsis. Kwa baadhi ya maksai wa nyama, methani ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nimesikia watu wakisema basi mwani wa Paje na Jambiani utafanya vivyo hivyo. Hapana. Mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar ni wa aina nyingine kabisa, na kitu kinachofanya kazi katika ule uliotumika California, bromofomu, kinahitaji uangalizi mkubwa. Usikimbilie pwani na gunia.

Msimamo wangu, msikilizaji, ni huu. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au watano asianze na kijiko cha unga. Aanze na nyasi za kutosha, maji masafi wakati wote, jiwe la chumvi, halafu apande ua wa kaliandra au lusina, au apande desmodi katikati ya mahindi. Hivyo navyo ni viungo vya mimea, tena vinaota shambani mwako, na mvua ndiyo inayovilipia. Baada ya hapo, kama bado unataka pakiti, nunua iliyosajiliwa, muulize afisa mifugo wako, na siku hiyo hiyo nunua na daftari. Andika maziwa ya wiki mbili kabla ya kuanza. Andika ya wiki nne baada ya kuanza. Acha, uandike tena. Daftari halina ujamaa na muuzaji.

Na kabla ya ndoo ya kesho alfajiri, weka kiganja chako kwenye ubavu wa kushoto, unyamaze, usikilize kama wameamka.